Sindano Haitoki Kabla ya Ubeti wa Sita

Jogoo wa pili hajawika, na Ndila wa Musyoka tayari amepiga magoti mbele ya jiko la mafuta taa katika chumba cha nyuma cha zahanati. Anapiga pampu, anapuliza, analigombeza jiko kwa Kikamba, mpaka moto unapoacha umanjano na kuwa wa buluu. Hapo anaweka sufuria yenye kifuniko kilichobonyea upande mmoja.

Sindano za chuma amezipanga juu ya kitambaa cheupe, pamoja na mabomba yake ya kioo. Anaichukua moja, anaiburura polepole juu ya pamba. Ikinasa nyuzi, ncha imepinda, na huwekwa kando ikangoje jiwe la kunolea. Isiponasa inaingia majini.

"Pamba haina upendeleo," anasema. "Haiulizi sindano ni ya nani."

Leo ni siku ya chanjo ya pili ya kipindupindu katika zahanati hii ndogo iliyo upande wa Migwani, wilayani Kitui. Siku ya chanjo ya kwanza, Ndila alimkaidi afisa wa afya mbele ya chifu na umati wa wanafunzi wa chuo kikuu. Ameonywa kwamba akirudia, ataenda nyumbani.

"Nimesikia," anasema akikung'uta pamba. "Na mimi nitarudia. Sindano ambayo haijachemka haitoki kwa mkono wangu huu."

Mkono huo ni wa kulia. Wa kushoto hauinuki kupita bega. Alipokuwa msichana aliyeolewa juzi, alimfuata mumewe kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, na huko wote wakapangwa mstari na kudungwa kwa sindano moja iliyopita kwa huyu, ikaenda kwa yule. Wengine walipona salama. Mkono wa Ndila ulivimba kama kibuyu, na ulipotoboka na kukauka, ukabaki hivyo.

"Ninajifunga leso kwa mkono mmoja na meno," anasema, akicheka. "Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia, 'Wewe ukinuna, ni nani atakufunga?'"

Sasa ana miaka hamsini na minne. Kazi yake kwa miaka mingi imekuwa kuchemsha sindano, na hadi leo ni kibarua anayelipwa shilingi kumi na mbili kwa siku ambayo ameitwa. Mwaka huu wa 1983 jina lake lilikuwa limependekezwa aandikwe kazi ya kudumu. Wa kulipitisha alikuwa afisa huyo huyo wa afya, Bwana Kiema.

Ugonjwa wenyewe umeizunguka dunia miaka mingi, ukitoka nchi hii kwenda ile. Mwanzoni mwa mwaka ulifika vijiji vya karibu na mto, na boma moja likazika watu wawili kabla matanga ya wa kwanza hayajaisha. Chanjo ikaletwa.

Wakati huo chuo kikuu kilikuwa kimefungwa tangu jaribio la mapinduzi la mwaka uliopita, na wanafunzi wote wako kwa wazazi wao. Kila Ijumaa walitakiwa kufika kwa chifu ili karatasi zao zigongwe muhuri. Chifu akaona amepata njia ya mkato. Akatangaza barazani: asiyedungwa hagongewi, na asiye na muhuri asitarajie kurudi chuoni.

Ijumaa ya chanjo ya kwanza vijana walifika kama thelathini, wakaketi chini nje ya zahanati, mikono wameikunja. Hakuna aliyesimama kwenye mstari.

"Sisi si ng'ombe wa kuingizwa kwenye uzio," akasema Nzuki, kijana mrefu wa mwaka wa tatu wa sheria, mwenye ndevu chache anazozishika kila akifikiri. "Ng'ombe ndio wanadungwa bila kuulizwa!"

"Nao ng'ombe hawaendi chuo kwa kodi ya watu," akajibu chifu.

Wakaangua kicheko, wakapiga makofi, lakini hawakuondoka pale chini.

Ndila alikuwa dirishani akiyasikia yote. Kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alidai ni dawa ya kuwafanya wasizae. Msichana mmoja mpole, Ndinda, aliyeokoka akiwa chuoni, akasema yeye amekingwa na damu ya Yesu na hahitaji bomba la serikali.

"Mwanangu, hata mimi nimeokoka," Ndila akamwambia kupitia dirisha. "Lakini Naamani mwenye ukoma aliambiwa aende mtoni akajichovye. Hakuambiwa akae nyumbani akiimba."

"Mwaitu, umenishika," Ndinda akasema, akijifunika uso kwa kicheko. Mwaitu ndivyo Wakamba humwita mama.

Nzuki hakushikwa. Akasimama, akapangusa vumbi suruali. "Mwaitu, hiyo chanjo kinga yake ni ya miezi michache tu. Na katika watu wawili inakinga mmoja. Nimesoma. Uliza nesi."

Ndila akageuka kumtazama Nesi Kalondu, ambaye ndiye angedunga. Kalondu akainamisha kichwa kidogo. "Ni kweli, si kinga kamili."

Ndila anakiri kwamba hilo hakuwa akilijua, na kwamba lilimchoma. Akaenda kulitazama jiko, kisha akarudi dirishani.

"Nzuki, baba yako amepanda?"

"Amepanda."

"Mvua ilikuwa nzima au nusu?"

"Nusu, Mwaitu. Huku mvua nzima tuliiona lini?"

"Basi sisi ni watu wa kupanda kwa mvua nusu. Tungengoja nzima, wewe ungezaliwa wapi?"

Vijana wakapiga mluzi. Watatu wakasimama, Ndinda akiwa mbele, wakapanga mstari. Baada yao wakaja wengine, kidogo kidogo, wakiwa bado wananung'unika. Nzuki akabaki kando, lakini macho yake yalikuwa kwenye sufuria.

Ndila hana saa. Maji yakianza kutokota, huanza wimbo wa kanisani wenye beti sita, na kiitikio kila ubeti, kwa mwendo wa mazishini, si wa harusini. Ubeti wa sita ukiisha, kifuniko hufunguliwa. Wagonjwa wa hapa wameuzoea. Mtoto akilia nje, mama yake humwambia, "Nyamaza, bado wako wa tatu."

Siku hiyo sindano zilikuwa chache na watu wengi, kwa hiyo zilirudi jikoni tena na tena. Jua likapanda. Maji yaliyoletwa na punda asubuhi yakaisha, na mto uko chini kwenye korongo, mkavu, mpaka uchimbe mchanga ndipo upate maji.

Bwana Kiema alikuwa na vituo vingine vya kufika. Akatazama saa, akaingia jikoni.

"Mama, pangusa na spiriti, ulete."

"Hapana, Bwana Afisa. Maji yaletwe kwanza."

"Spiriti inatosha. Nimesema lete."

Ndila akazikusanya sindano zote zilizotumika, akazitia kwenye sufuria tupu, akaifunika. Kisha akaiteremsha sakafuni, akaikalia.

Ndila anasema ile kazi ya kudumu aliiona ikiondoka mlangoni kama mgeni aliyechoka kungoja chai.

"Unajua jina lako liko mikononi mwangu?" afisa akauliza.

"Najua. Na mikono ya hawa watoto iko mikononi mwangu."

Maneno yalitoka nje kupitia dirisha. Mstari wote ukageuka. Nzuki akaja mpaka kizingitini, akamwona mama mzima amekalia sufuria kama kuku anayeatamia.

"Mwaitu, unataka mitungi mingapi?"

Kilichofuata watu wa hapa wanakijua tangu enzi za babu zao. Kazi ikimshinda mmoja, huitwa mwethya: majirani wote hushika kazi hiyo moja, wanaimba, wanaimaliza. Lakini mwethya wa watu waliogoma ulikuwa haujaonekana. Vijana walichukua mitungi ya zahanati, ya nyumba za jirani na hata ndoo ya chifu, wakateremka korongoni. Wakachimba mchanga kwa mabakuli, wakayasubiri maji yajichuje, wakapanda nayo wakiitikiana.

"Nenda pole, mwanasheria!" mmoja akamkejeli Nzuki. "Hayo maji si hoja, yanamwagika!"

Chifu aliwatazama wakipanda kilima. Muhuri wake ulikuwa umewatoa nyumbani, lakini haukuwa umewafanya wabebe hata kikombe.

"Bwana Chifu," Ndila akamwambia akiwasha jiko upya, "wewe gonga karatasi. Mikono niachie mimi."

Chifu akakuna shingo, akaitisha meza. Akawagongea wote, waliodungwa na wasiodungwa. Wengi walidungwa. Nzuki hakudungwa.

"Maji nitakubebea, Mwaitu," alisema, "lakini mkono ni wangu."

"Leta maji. Mkono nitaungoja."

Mwisho wa mwezi Ndila aliambiwa kwamba jina lake halikupita. Akiulizwa kama anajuta, hunyoosha ule mkono wa kushoto mpaka pale unapokomea.

Asubuhi hii jua limeshatoka. Mtungi wa kwanza unatuliwa mlangoni, na aliyeubeba ni Nzuki, amelowa kifua kizima. Amekuja na wenzake bila kuitwa, na leo si Ijumaa. Ndila anamtazama mkono, kisha anatazama maji.

"Umepandisha mkono wa shati," anasema.

"Ni joto, Mwaitu."

"Joto la saa hii?"

Nzuki anashika ndevu, anaketi kwenye benchi pamoja na wengine. Hasemi kama yuko kwenye mstari, lakini benchi hilo ndilo mstari.

Ndila anataka mambo mawili tu. Anataka sufuria ya pili, ili moja ikichemka nyingine ipoe na watu wasikae juani. Na anataka aandikwe kazi, kwa jina lake kamili, kabla macho hayajashindwa kuona ncha ya sindano. "Barua ya kazi ikija, itanikuta nachemsha," anasema. "Isipokuja, hao wa kuileta watanikuta nachemsha."

Nje gari la afya linasimama. Maji yanatokota, na Ndila yuko katikati ya wimbo. Bwana Kiema anaingia, anatazama saa, anaitazama sufuria, anautazama uso wa mama huyu. Safari hii hagusi chupa ya spiriti.

"Mama," anauliza taratibu, "umefika ubeti wa ngapi?"

Ndila alikuwa amefika wa nne.

"Wa kwanza," anasema, na anauanza upya, kwa mwendo wa mazishini.