Karatasi za Mifuko ya Saruji

Katika shule ya msingi ya Lukwele, juu kule ukishaipita Matombo, mtoto aliyechafua daftari kwa kujaribia hesabu alisimamishwa mbele ya darasa mpaka kengele ilie. Sheria hiyo aliiweka Mwalimu Eufrazia mwenyewe, tena kwa nia njema. Daftari lilipatikana kwa mkungu wa ndizi, na mkungu ulishuka mlimani juu ya kichwa cha mama wa mtu. Basi watoto wakajifunza kukokotoa kwenye paja. Mtoto alichukua kijiti, akachora tarakimu juu ya ngozi kavu, ikatoka mistari myeupe. Akimaliza alilamba kiganja, akafuta, akaandika jibu tu daftarini. Madaftari ya Lukwele yalikuwa safi kama vitambaa vya altare, na wakaguzi waliyasifia.

Lakini hakuna mtoto wa Lukwele aliyewahi kuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali.

Eufrazia alitoka Mahenge akiwa msichana, mmoja wa wale waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu harakaharaka, taifa lilipotaka kila mtoto asome. Wenye vyeti vikubwa waliwaita "walimu wa UPE", kwa mdomo uliopinda. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, ila akishika jambo, kumwachisha ilikuwa kama kumwachisha kupe.

Zikaja enzi za ruksa. Maduka ya mjini Morogoro yakajaa bidhaa, mitumba ikapanda mpaka mlimani, na watoto wa mjini wakaanza kusoma tuisheni jioni. Watu wa Lukwele wakaanza kuuliza shule inawafaa nini. Aliyeuliza waziwazi ni Hashimu, mjomba wa msichana mmoja wa shule hiyo, Nasra. Kwa Waluguru, mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mtoto wa dada yake, na Hashimu hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Mwalimu, Nasra yuko la sita," alisema. "Mwakani akichaguliwa, atasoma, hata niuze koti nililovaa. Asipochaguliwa, kuna mfanyabiashara Kisaki, pale stesheni, keshaleta posa. Nami sitamrudishia mtu posa yake kwa ajili ya matumaini."

"Nipe huo mwaka," alisema Eufrazia.

"Nimekupa. Ila mwalimu, wenzake wote walipewa mwaka."

Maneno hayo yalimkaa kifuani. Angefundisha nini kipya, ikiwa hakujua watoto wake walikuwa wanaangukia wapi? Aliomba kwenda kusahihisha mitihani ya darasa la saba. Akakataliwa, maana walitakiwa walimu wazoefu wa kazi hiyo. Akaomba tena, akakaa kwenye benchi la ofisi ya elimu siku nzima bila kunywa chai, mpaka mwalimu mmoja alipougua na jina lake likaingizwa.

Usahihishaji ulifanyika katika shule moja ya bweni. Walimu walikaa meza ndefu, kila mmoja na maswali yake na kalamu nyekundu. Karatasi ilipita kutoka mkono hadi mkono, ikaishia kwa wanaojumlisha, kisha kwa wanaohakiki jumla. Haikuwa na jina la mtoto wala la shule, nambari tu. Eufrazia alipewa Hisabati, maswali ya mafumbo. Mwongozo ulisema hivi: jibu sahihi lina alama zake, na njia ina alama zake. Aliyekosea jibu lakini njia yake ikaonekana, hakuondoka mikono mitupu.

Siku ya pili ikafika mbele yake karatasi safi kupita kiasi. Majibu peke yake, kama mbegu zilizopandwa kwa nafasi. Swali lilihusu eneo la shamba ukiondoa njia iliyokatiza katikati. Mtoto alikuwa amepata eneo lote, akasahau kuondoa njia.

Eufrazia akaiweka kalamu chini, akaisoma tena karatasi.

"Sifuri hiyo, mwalimu," alisema Severin, kiongozi wa meza, mwalimu wa siku nyingi kutoka upande wa Mzumbe. "Unasubiri ikue?"

"Huyu amekosea mwishoni tu. Alisahau kutoa."

"Umeona wapi? Njia haipo."

"Naijua njia aliyopita."

"Wewe unaijua, karatasi haijui. Hapa hatusahihishi watoto, tunasahihisha karatasi. Weka sifuri upitishe, wenzako wamekaa kama wanangoja maiti."

Meza ikacheka. Eufrazia akaweka sifuri, kwa sababu mwongozo ulitaka hivyo, akapitisha. Huenda ilikuwa ya Lukwele, huenda haikuwa. Lakini alikuwa ameliona lile paja.

Wakati wa chai alimfuata Severin. "Kiongozi, alama ya kufaulu ni ngapi?"

"Nani alikwambia ipo?" Severin alipuliza chai yake. "Wakishajumlisha Hisabati, Lugha na Maarifa, wanapanga watoto kutoka wa juu mpaka wa chini. Wasichana kwao, wavulana kwao. Kisha wanahesabu nafasi za kidato cha kwanza. Nafasi zikiisha, wanapiga mstari. Aliye juu ya mstari kachaguliwa. Aliye chini akalime."

"Hata akipitwa kwa alama moja?"

"Hata nusu, mama. Mstari hauna huruma, una nafasi."

Kazi ilipokwisha, Eufrazia hakupanda mlimani moja kwa moja. Alikwenda Kihonda, pembeni mwa mji, ambako nyumba mpya zilikuwa zinaota kama uyoga, akawaomba mafundi mifuko mitupu ya saruji. Mfuko wa saruji una karatasi kadhaa ndani kwa ndani, na za katikati hutoka safi.

"Mama mwalimu, unakwenda kufungia vitumbua?" aliuliza fundi mmoja.

"Nafungia sekondari," alisema, akakung'uta vumbi.

Alipanda na mzigo ule kichwani, nywele zikiwa kijivu kwa saruji. Kesho yake akaifuta sheria yake mbele ya darasa. Alisema yeye ndiye aliyewazuia kuandika njia, na sasa yeye ndiye anayewaagiza. Aligawa karatasi zilizokatwa vipande.

"Mguu si daftari," alisema. "Atakayeonekana na mistari pajani, ataanza upya."

Haikuwa rahisi. Mikono ilikwenda yenyewe chini ya madawati. Aliyekuwa mgumu kuliko wote ni Abasi, mvulana mwepesi wa hesabu kuliko mwalimu.

"Mwalimu, jibu ni lilelile. Kwa nini nizunguke?"

"Kwa sababu anayekusahihisha hakujui."

"Atanijua akiona jibu."

Nasra hakuwa mwepesi. Alikuwa na tabia ya kufika mlangoni mwa jibu akajikwaa, akasahau kutoa au kujumlisha kitu cha mwisho. Lakini aliandika. Aliandika kila hatua, kwa mwandiko mkubwa, mpaka karatasi zikamwishia, akaomba nyingine.

Hashimu alipita siku moja akakuta karatasi zimeanikwa kwenye ua wa shule. "Mwalimu, unajenga ghorofa?"

"Ndiyo. Mpwa wako yuko kwenye msingi."

"Msingi wa karatasi," alisema Hashimu, lakini kesho yake alituma mifuko mitatu aliyoiokota kwenye ujenzi wa msikiti.

Siku ya mtihani walikuja wasimamizi kutoka shule nyingine, na walimu wa Lukwele wakaambiwa wakae mbali. Eufrazia alikaa nyumbani kwake akipukuchua maharage, akayapukuchua mpaka ya mbegu. Watoto walipotoka, hakuwauliza maswali yalikuwaje. Aliwatazama miguu. Mapaja ya Nasra yalikuwa meusi, yanang'aa mafuta, hayana mstari. Ya Abasi yalikuwa meupe mpaka magotini.

Matokeo yaliletwa na mratibu wa kata, kwa miguu. Kutoka Lukwele alichaguliwa mmoja: Nasra.

Abasi alikuja kwa Eufrazia, akasimama mlangoni. "Kwani Nasra ananishinda hesabu?"

"Hakushindi."

"Basi?"

"Alichokijua alikiacha mezani. Wewe ulirudi nacho nyumbani." Akavaa kandambili zake. "Twende kwa baba yako. Kuna sekondari ya wazazi, si ya serikali, imefunguliwa kule chini, na bado wanapokea watoto. Njiani utanieleza swali la mwisho ulivyolifanya, hatua kwa hatua. Ukiruka moja, tunarudi nyuma."

Walipopita kwa Hashimu, walimkuta ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, ana panga na mti mbichi. Sekondari aliyochaguliwa Nasra ilikuwa imemtaka kila msichana aje na jembe. Mjumbe wa Kisaki alikuwa keshaondoka na posa yake, bila kupewa hata maji.

"Shikamoo, mjomba," alisema Abasi.

"Marahaba." Hashimu hakuinua macho. Alimwita Nasra, akampa mpini aushike, akautazama mkono wa mtoto, akauchukua tena. "Bado mnene," alisema, akaendelea kuchonga.