Sambaza Waliozibwa Mdomo

Jumamosi mchana nilikuwa kwenye mkahawa mmoja wa Gisenyi, karibu na Ziwa Kivu. Spika kubwa kama kabati ilikuwa inanguruma ubavuni mwa meza zetu.

Kwenye meza ya jirani aliketi mama mchuuzi wa Goma. Aliletewa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, wamekaangwa wakakauka. Akatia mmoja mdomoni, mzima na kichwa chake, akatafuna, akaacha. Akamwita mwenye mkahawa kwa kiganja.

"Papa, hii sambaza iko laini?"

"Hapana, mama! Imekauka muzuri."

"Basi juu ya nini sisikii ikilia mu meno? Punguza muziki kidogo."

Mwenye mkahawa akacheka, akaipigapiga spika kama ng'ombe wa mahari. "Bila muziki hakuna ambiance, hakuna raha, mama. Watu watasema tumefunga."

Mama akasimama. Aliinua sahani yake, akaenda nyuma jikoni, akaketi juu ya kreti ya bia. Nilimwona anatafuna amefumba macho. Nikamfuata na sahani yangu. Kruu! Samaki ni wale wale, ila sasa walikuwa na ladha. Wengine nao wakaja.

Fikiria: mpishi anaungua na mafuta ili samaki alie menoni, kisha tajiri wake anamziba huyo samaki mdomo kwa spika!

Na alipoona meza zake zote ziko tupu, unadhani alifanya nini? Aliongeza sauti, ili tusikie huko nyuma kwamba ndani kuna raha.