Tembo Tamu la Mkate wa Idi

Wenzangu mliokulia Kisauni kabla hamira ya pakiti haijavamia majiko yetu, semeni ukweli: huu mkate wa kumimina wa siku hizi una ladha gani? Sisi mkate wetu wa Idi uliumuliwa kwa tembo tamu la mnazi, na kabla mtu hajashtuka, nieleze. Tembo likishuka tu mnazini ni tamu kama sharubati, hata mtoto hulinywa. Jua likipanda huanza kuchacha, na ikifika adhuhuri ni pombe kamili. Kwa hiyo utotoni mwetu utamu wa Idi ulitegemea miguu ya watoto.

Idi ikikaribia, jioni Mama alikiosha kibuyu chake kwa maji ya moto, kisha akatutuma mimi na kaka yangu tukipeleke Utange kwa Mzee Kazungu, mgema. Kibuyu cha Mama hakikuchanganywa na vya wanywaji. Mzee Kazungu alikuwa ametenga mnazi mmoja kwa ajili ya jirani zake Waislamu, na huko juu ndiko kibuyu kilikolala, kikidondokewa tone baada ya tone. Alfajiri tulirudi kukichukua. Kazi ile ilikuwa ya nyumba nzima: mzee juu ya mnazi na kotama yake ya kugemea, mkewe chini akichuja, wanawe wakipanga vibuyu kivulini. Ng'ambo ya ua palikuwa na mangwe, ambapo wazee walikaa wakivuta mnazi kwa mirija na kucheka mambo yasiyochekesha. Mama alikuwa ametuonya: "Macho chini, salamu mdomoni." Basi tukapita tukiiamkia miguu ya watu, maana nyuso hatukuziona.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Usikitikise kibuyu. Usikizibe sana, kumbi la nazi lilegee kidogo mdomoni, tembo lipumue. Usisimame kutazama watu wanaogombana. Kaka yangu alikuwa na mbio. Mimi nilikuwa na macho, na kila kilichopita njiani lazima nikiage. Tukifika, Mama yuko mlangoni, wala hataki habari za tulikotoka. Alikitwaa kibuyu akakitega sikioni, nasi tukabana pumzi. Tembo linapoanza kuchacha mapovu yake hunong'ona, na Mama aliusikia mnong'ono huo kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Likishasema si letu tena," alikuwa akisema. Na kweli, likisema alilimwaga chini ya mpapai, na Idi hiyo tulikula mahamri ya jana huku tumenuna. Lawama zote zilinijia mimi. "Watembea kama bi harusi! Wadhani tembo lakungoja wewe?"

Mama sasa ni mzee. Mikono ingali na nguvu, ila masikio yamekuwa mazito, na tangu miguu yetu ikue ikaenda kutafuta maisha, mkate wake umekuwa wa hamira kama wa watu wote. Mwaka huu, Idi Kubwa ilipokaribia, akanipigia simu. "Hamira siitaki. Nataka kuumimina mkate wangu vile ulivyokuwa, maadamu mikono yanitii. Na tembo likija limesema, sipiki kitu."

Kauli ile ilinitia hofu. Mtu mzima akitaka kitu kama kilivyokuwa, wewe unajiuliza anaaga au vipi. Nikawachukua wanangu wawili kutoka Changamwe, Rukia wa miaka kumi na mitatu na Salim wa miaka tisa, tukalala kwa Mama kule Mtopanga, na alfajiri nikawatia garini kwenda Utange kukichukua kibuyu nilichokipeleka jana yake.

Watoto wetu hawa, Mungu awahifadhi, safari ya kutoka sebuleni hadi jikoni huipumzikia katikati. Niliwaamsha kwa vitisho. Rukia akaketi nyuma na simu yake, Salim akauliza kama kwa mgema kuna mtandao. Mzee Kazungu alishafariki, na kazi anayo mwanawe Karisa, yule aliyekuwa akituchungulia kutoka nyuma ya vibuyu, sasa naye ana mvi. Mkewe anachuja, binti yake anawapelekea wateja. Salim alimtazama Karisa akipanda vidato vilivyochongwa mnazini, akaniuliza taratibu, "Hawana lifti?"

Minazi imebaki michache. Kwingine pote ni viwanja, na mawe ya mipaka yamesimama kwenye majani. Mnazi wetu ungalipo, ila shina lake limepakwa alama ya rangi nyekundu. Karisa aliona nikiitazama.

"Huu nao wapisha nyumba ya watu, dada. Idi ijayo, Mungu ndiye ajuaye."

Rukia alionja tembo kwa ncha ya ulimi, macho yakamtoka. "Mama, hii si pombe?"

"Likiwahi si pombe," nikamwambia. "Likichelewa ni pombe, na Bibi yako hapiki."

Akaitia simu mfukoni. Kibuyu akakipakata mwenyewe.

Tulipokaribia Mtopanga, lori la kokoto lilikuwa limeharibika katikati ya barabara, tuktuk zimejipenyeza kila upande hadi hapana wa kwenda mbele wala wa kurudi nyuma. Jua likapanda. Nikapiga honi, nikazima gari, nikaliwasha tena. Rukia akawa anakitegea kibuyu sikio kila mara. Mimi, kwa kukosa la kufanya, nikaanza hotuba yangu.

"Enzi zetu, njia hii hii, kwa miguu..."

"Enzi zenu mngekuwa mshafika," akasema Salim.

Rukia akafungua mlango. "Mama, sisi twaenda." Na kweli wakaenda! Nikawaona wakipita kati ya magari, Salim mbele akipasua njia, Rukia nyuma amekikumbatia kibuyu kifuani, mabega yametulia, miguu peke yake ndiyo inayokimbia. Hakuna aliyemfundisha kukimbia vile. Nilicheka peke yangu garini, kisha machozi yakanitoka, na dereva wa tuktuk akanipa pole akidhani ni kwa ajili ya foleni.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa. Mama alikitwaa kibuyu akakitegea sikio la kulia. Akakihamishia la kushoto. Salim anasema Bibi aliinama hivyo mpaka yeye akaogopa. Kisha akamrudishia Rukia kibuyu.

"Nisikilizie wewe."

Rukia akasikiliza. "Bado halijasema, Bibi."

Mama hakuuliza mara ya pili. Alilimimina lote kwenye unga wa mchele na tui, akaanza kupiga.

Mimi nilifika bakuli limeshafunikwa, funguo za gari mkononi. Mama akanitazama kutoka juu hadi chini. "Enhe! Bi harusi amewasili."

Mkate ulipikwa kwa moto wa juu na chini, ukainuka, ukapasuka kidogo katikati kama zamani. Kipande cha kwanza Mama alikikata, akakifunga kwa kitambaa. "Hiki cha kwa Kazungu," akasema. Rukia akakichukua, akasema kesho atakipeleka mwenyewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo sikuwasifu. Nilifanya vyema, maana hata sahani hazijaoshwa wote wawili walikuwa wamesharudi kwenye simu zao.

Enzi zetu minazi ilikuwa mingi, tembo halikuwa na foleni, na masikio ya Mama yalitosha nyumba nzima. Sasa tuna mnazi mmoja wenye alama nyekundu. Usiku ule, kabla ya kulala, Mama alimwita Rukia karibu na kumwambia kile kibuyu akiweke kwake Changamwe, akioshe kwa maji ya moto, wala asikizibe sana.