Mtoto wa Mwene Ofisini

Siku yangu ya kwanza kazini, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya ulezi ya Mwazye. Wazee wawili wakatokea humo, wakapiga magoti mlangoni pa ofisi na kupiga makofi ya taratibu, kama walivyomwamkia babu yangu, ambaye alikuwa Mwene, mtawala wa jadi. Mimi nilikuwa katibu tarafa tu, mtumishi anayesimamia kata kadhaa kwa niaba ya mkuu wa wilaya.

Mkuu wa wilaya, mama mpole aliyekuja kunitambulisha, alisubiri waondoke.

"Nyumbani kwenu wewe ni mtoto wa Mwene," akasema. "Hapa ni mtumishi wao. Utaweza?"

"Nitaweza, mheshimiwa."

Baadaye nikahamishiwa Milepa, bondeni kwenye joto, ambako usingizini niliisikia baridi ya kwetu. Niliporudishwa juu, Mwazye, nikakuta mgogoro. Baba mdogo, aliyebaki mkubwa wa ukoo, alidai ardhi yenye chemchemi kuwa malisho yetu ya zamani. Wakulima walikuwa wakiilima tangu sijazaliwa. Kazi yangu ilikuwa usuluhishi, yaani kuzikalisha pande zote pamoja kabla hazijafika baraza la ardhi.

Tulikaa nyasini, pale pale penye chemchemi. Mjane mmoja, Mama Yustina, akasimama.

"Mwanangu, mume wangu amelala pale kwenye mahindi. Mkitutoa sisi, na yeye mtamtoa?"

Baba mdogo hakumtazama. "Waambie hapa ni kwa nani."

Upepo ulipita, mahindi yakainama yote upande mmoja. Nilitamani niwe mbali, niwe mtu asiye na ukoo.

"Baba," nikasema, "mimi nimekulia hapa. Sijawahi kuona ng'ombe wetu hata mmoja akichungwa humu. Hawa ndio wenyewe."

Akainuka, akaondoka. Dai lake likafia pale, na miaka mingi hakunisemesha, hata misibani.

Sasa nimestaafu, naishi Katandala. Asubuhi naota jua na kuyaona mabonde ya mbali kana kwamba yanaelea kwenye ukungu. Vijana wakiniuliza uongozi ni nini, nawaeleza habari za baba mdogo. Alipougua aliagiza niitwe. Nilimkuta kitandani, amekonda, macho yake dirishani. Nikamwamkia shikamoo. Akasogeza miguu yake kunipa nafasi.

"Marahaba, Katibu," akasema. "Keti."