Mkono Begani kwa Dalali

Kwenye mnada wa samaki wa Dalahican bei haitangazwi. Mnunuzi anamwekea dalali mkono begani, anamnong'oneza bei yake sikioni, kisha anaondoka zake kama mtu aliyeuliza saa tu. Wakimaliza wote, dalali anataja jina moja, na samaki ni wa mwenye jina hilo. Aling Choleng, yaani Mama Choleng, aliijua kazi hiyo kuliko alivyojua kusali. Uso wake haukuwahi kusema neno. Lakini mwaka ule mwili ndio ulioanza kumchongea.

Lilianza jasho, hata asubuhi za baridi. Ukafuata moyo, ukidunda kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Alikula wali sahani mbili na bado nguo zikazidi kumpwaya. Shingo ikavimba kidogo, macho yakamtoka, na sokoni wakaona wameshajua sababu.

"Mwoneni Choleng!" wauza barafu walipiga kelele. "Samaki hajashushwa, yeye keshammeza kwa macho!"

Kicheko angekivumilia. Tatizo ni kwamba Mang Ambo, yaani Mzee Ambo, dalali, naye aliamini hivyohivyo. Mkono wa Choleng ukitua begani kwake unatetemeka, pumzi zikimwingia sikioni mbiombio, Ambo alitikisa kichwa hata kabla ya kusikia bei.

"Ongeza, mama. Hawa unawataka."

Naye aliongeza, maana kweli aliwataka. Wenye migahawa hawamngojei mtu. Akawa ananunua nguru kwa bei ya mjinga. Kitu kimoja tu Ambo hakumnyima: kuchukua samaki asubuhi na kulipa jioni. Mnunuzi mwenye uchu anaaminika, kesho lazima arudi.

Kilichompeleka hospitali hatimaye si moyo, ni ile bei. Daktari alimpapasa shingo, akampima damu, akamwambia tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, ndiyo inayoukimbiza mwili mzima. Akampa dawa za aina mbili.

"Hii ni ya kuipunguza tezi, itachukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti. Hii ndogo inatuliza moyo na mikono wakati tunangoja. Haitibu, inatuliza tu. Na usije ukaiacha ghafla."

"Mikono itatulia?"

"Itatulia."

"Basi nipe hiyo, nyingine tutaona."

"Utameza zote mbili, Aling Choleng. Hapa si mnadani."

Alimeza zote mbili. Haukupita muda, mkono wake ulitua begani kwa Ambo ukiwa mzito na kimya kama jiwe la mizani. Ambo alisubiri kusikia zaidi ya bei, hakusikia. Akamtazama, akataja jina lake. Choleng akaburuta nguru wake kwa bei ya zamani, na wauza barafu wakarudi kwenye barafu yao. Alikuwa amerudi kuwa yeye.

Vidonge alivificha kwenye kikopo cha peremende. Aliyejua ni mmoja tu: Jovelyn, binti wa kaka yake, ambaye Choleng alimlea na kumfundisha kulitambua jicho la samaki wa jana. Sasa Jovelyn alikuwa ameolewa, na naye alitaka meza yake sokoni.

Asubuhi moja Ambo alimzuia Choleng kando ya mizani.

"Kuanzia leo, pesa mkononi."

"Nimewahi kutokukulipa?"

"Hujawahi."

"Sasa?"

Ambo alijikuna kidevu. "Nasikia unameza vidonge vya moyo. Mtu wa vidonge vya moyo analala, haamki. Nikamdai nani, padri?"

"Nilipotetemeka uliniamini, Ambo. Leo nimetulia ndiyo unaniogopa?"

"Ulipotetemeka nilidhani ni tamaa," alisema Ambo bila haya. "Tamaa haiui mtu."

Choleng hakuuliza nani kamwambia. Alimjua, lakini hasira haijazi ndoo. Pesa aliyokuwa nayo mkononi ilitosha vibua, si nguru, na muuza vibua hana mgahawa unaomngoja. Kesho yake akamtuma Jovelyn anong'one badala yake; mwenye afya huenda angekopeshwa.

"Bei ni hii, usizidishe. Na jina utataja langu."

"Sawa, Shangazi."

Choleng alisimama penye barafu akitazama. Jovelyn aliweka mkono begani kwa Ambo, akakaa pale sikioni muda mrefu kuliko alivyofundishwa. Ambo akatikisa kichwa. Jovelyn akanong'ona tena. Mwisho Ambo akanyoosha shingo, akatangaza:

"Jovelyn!"

Binti akaja akiliburuta sanduku la nguru, macho chini.

"Ningetaja lako asingenipa, Shangazi. Unajua."

"Najua."

"Nitakuuzia wewe kwanza. Kwa bei ya nyumbani."

"Umewachukua kwa bei gani?"

Jovelyn aliinama, akamtajia sikioni, kwa mazoea tu.

"Kakukamua," alisema Choleng. "Mkono ulikuwa unakutetemeka, nimeuona kutoka hapa."

"Mimi siumwi!"

"Huumwi. Yako ni tamaa, na hiyo haina kidonge."

Akafungua kikopo, akameza kidonge chake na kahawa iliyopoa. Kisha akachuchumaa mbele ya sanduku, akambonyeza nguru mmoja jichoni kwa kidole kilichotulia kabisa.

"Huyu mdogo," alisema. "Anza kunitajia bei."