Verlin Hruby na Mtihani wa Agosti

Ko! Mlio mmoja mkavu, kama mfuniko wa pipa la chuma ulioangukia sakafu ya saruji. Siku kumi na mbili zilikuwa zimepita, na bado Verlin Hruby aliusikia: akinyoa ndevu, akifunga kamba za buti, akiegesha pikapu. Maishani mwake alikuwa ameusikia maelfu ya mara, helmeti ikikutana na helmeti, wala hakuwahi kuujali. Lakini huu ulitokea hatua tatu tu kutoka pale aliposimama, na kichwa kimoja kati ya vile viwili kilikuwa cha mwanawe.

Tate aliinuka papo hapo, na hilo liliwafurahisha watu jukwaani. Akajipangusa nyasi, akatembea vizuri, kifua mbele, moja kwa moja hadi kwenye duara la vijana wenye jezi nyekundu, akainamisha kichwa pamoja nao asikilize mpango wao. Jezi yake ilikuwa ya kijani.

Uwanja mzima wa mji mdogo wa Prosek ulicheka. "We Tate, umehamia kwao lini?" mtu alipaza sauti. Hata mwamuzi alitabasamu alipomshika bega na kumrudisha kwa wenzake. Verlin peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika ufito wake, na vidole vilikataa kuuachia.

Verlin alikuwa mshika mnyororo. Kila Ijumaa jioni ya msimu wa vuli, wanaume watatu wa Prosek husimama ukingoni mwa uwanja na fito mbili za rangi ya chungwa zilizounganishwa kwa mnyororo, wapime kama timu imeusogeza mpira umbali unaotakiwa. Kazi hiyo haina ujira, ina heshima. Verlin aliachiwa na marehemu baba mkwe wake, na mwaka huu ulikuwa wa kumi na tisa. Kabla ya hapo alicheza yeye mwenyewe, mpira huohuo wa kubeba mikononi na kuangushana, miaka minne ya sekondari, akiwa mstari wa mbele, pale wanapogongana kila safari. Zama zile, kijana akipigwa mpaka akaona nyota, kocha alimnyooshea vidole viwili. "Vingapi?" Ukijibu viwili, unarudi uwanjani. Ukijibu vitatu, kocha anasema, "Umekaribia," nawe unarudi uwanjani.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na saba, mpima mizani katika ghala la nafaka, na kulikuwa na mambo ambayo hakuwa amemwambia mtu. Mara mbili mwaka huo alijikuta njia panda, pikapu ikinguruma chini yake, asijue alikuwa anakunja kushoto au kulia. Mwezi Septemba mkulima aliyesoma naye tangu darasa la kwanza alisimamisha lori kwenye mizani, akasema habari za asubuhi, na Verlin akalingoja jina lake lije. Halikuja. Tangu siku ile alibandika kadi ya majina chini ya dirisha lake. Huitupia jicho, kisha humwamkia mtu kwa kishindo. Watu walimsifu kwa uchangamfu.

Mjadala wenyewe ulikuwa wa mji mzima. Shule ya Alder Creek, kaunti ya jirani, ilikuwa imeufuta mpira mwaka ule kwa sababu ya vichwa vya watoto, na kila asubuhi mgahawani kwa Dorlene jambo hilo lilipashwa moto upya. Jumatano ile alianza Rollie Stohs, fundi wa matrekta.

"Sasa watacheza nini hao wa Alder Creek? Kuruka kamba?"

"Usiidharau kamba," alisema Merle, aliyeshika ufito wa pili uwanjani. "Ukiruka wewe, sakafu ndiyo itapelekwa hospitali."

Wakacheka. Rollie akajigonga kipaji cha uso kwa kijiko. "Mimi hapa nimegongwa miaka minne mizima. Mnaona kasoro yoyote?"

"Tunaogopa kukujibu, ndugu yangu," alisema Merle.

Dorlene alikuwa anamimina kahawa. Hakucheka. "Mdogo wangu alicheza na ninyi," alisema. "Leo hawezi kukaa chumba chenye taa. Wewe Rollie, umekwenda kumwona lini?"

"Dada, ile pikipiki aliyoanguka nayo ilichangia," alisema Rollie.

"Pikipiki ilikuja baadaye. Kichwa kilianza kumuuma kabla hajainunua."

Rollie akajikohoza. "Siku hizi ni mambo mengine, Dorlene. Kuna ule mtihani wa kompyuta. Mtoto akishindwa, hachezi, basi. Na Tate si ameufaulu jana? Au siyo, Verlin?"

"Ameufaulu," alisema Verlin. Kahawa ilikuwa na ladha ya chuma mdomoni mwake.

Mtihani ule hufanywa kila Agosti, kabla ya mazoezi kuanza. Kijana huketi mbele ya kompyuta, akariri maneno na maumbo, abonyeze vitufe kwa kasi, na alama zake huwekwa. Akija kuumia kichwa, hufanya tena. Alama zikishuka chini ya zile za Agosti, hukaa benchi mpaka zipande. Joleen, mkewe Verlin, mpishi katika makao ya wazee, ambaye kila siku aliwalisha kwa kijiko wanaume waliosahau majina ya watoto wao, alikuwa amemkataza Tate kucheza kwa miaka miwili. Alipotia sahihi fomu ya ruhusa mwishowe, ilikuwa kwa ajili ya mtihani huo tu. "Angalau mashine haina ushabiki," alisema.

Lakini vijana wa Prosek walikuwa na njia yao, na Verlin alimfundisha Tate njia hiyo mwenyewe, ndani ya pikapu, wakielekea shuleni, kwa kicheko, kama baba anayemwonyesha mwanawe kunoa kisu.

"Agosti usijitahidi, umenielewa? Wakikupa maneno kumi, kumbuka matano. Bonyeza polepole kama bibi yako. Hata ukija kugongwa kichwa mpaka masikio yalie, alama hizo utazifikia bila jasho."

"Baba, we mjanja!"

"Mji mdogo huu, mwanangu. Tuna vijana tisa tu."

Kule mpira huchezwa na wanane kila upande. Mmoja wa wale tisa alikuwa amevunjika mtulinga Ijumaa iliyotangulia, Tate alipokuwa benchi akisubiri mtihani. Tate akitoka, wanabaki saba, na saba si timu. Msimu umekwisha, na wakubwa wa shule walikwisha kusema kwamba Prosek ikishindwa kuumaliza msimu itafuata njia ya Alder Creek. Kwa hiyo hakuna aliyeuita ujanja ule uongo. Waliuita kuisaidia timu.

Alhamisi asubuhi Tate aliingia jikoni amejifunika kofia ya sweta hadi machoni. Alimimina maziwa kwenye bakuli, kisha akayaweka maziwa kabatini na boksi la nafaka za kifungua kinywa kwenye friji. Verlin alinyanyuka akavibadilisha.

"Baba, leo Jumatano?"

"Alhamisi."

"Najua bwana. Nakutania tu." Akala vijiko vitatu. Akakitazama kijiko cha nne kwa muda. "Leo Jumatano, eh?"

Hatua za Joleen zilisikika ngazini, na Tate akamshika baba yake mkono, akaubana. "Usimwambie Mama. Baba, nakuomba. Wenzangu wananitegemea."

Joleen aliingia akifunga aproni. Aliwatazama wote wawili. "Mbona unamkodolea macho mtoto hivyo, Verlin? Mtihani si umesema yuko sawa?"

"Umesema," alijibu Verlin.

Mficha maradhi, wahenga wanasema, na wahenga huwa hawana haraka ya kumalizia. Siku ile nzima Verlin alipima malori na hakuyaona. Jambo moja lilimzunguka kama nzi: kwamba mtu mmoja tu duniani, mbali na mtoto mwenyewe, alijua kwa hakika kwamba alama za Tate hazikuwa na maana, na mtu huyo hakuweza kuaminika kukumbuka hata kesho yake.

Ijumaa jua lilizama jekundu nyuma ya maghala. Watu walikuja na mablanketi, na supu ya maharage ya pilipili pamoja na mkate mtamu wa mdalasini. Joleen aliketi safu ya tatu, akampungia. Nesi wa timu, Imelda Kolar, alisimama karibu na benchi, karatasi za ruhusa za vijana mkononi, ya Tate imeshatiwa sahihi. Merle akamkabidhi Verlin ufito. "Shika, mzee, mambo yanaanza. Leo usilale."

Timu ilipita ukingoni ikikimbia. Tate alikuwa wa mwisho, helmeti kwapani.

"Tate!" Kijana alisimama. "Tunacheza na nani leo?"

Tate alitabasamu. Lilikuwa tabasamu pana, changamfu, lenye adabu, na nyuma yake macho yalikuwa yanatafuta, yanatafuta. "Na hao pale, Baba," alisema, akavaa helmeti, akaondoka mbio.

Verlin alilijua tabasamu hilo. Alilijua kwa ndani.

Akauweka ufito kwenye nyasi. Miaka kumi na tisa hajawahi kuuacha. "We Verlin!" Merle alifoka. "Unakwenda wapi? Mpira unapigwa sasa hivi!" Hakugeuka. Alitembea mbele ya jukwaa lote, akihisi macho ya mji mgongoni, na ya Joleen yakiwa mazito kuliko yote. Alipomfikia nesi, bendi ya shule ilikuwa imeanza kupiga.

"Verlin? Una nini, mbona umepauka hivyo?"

Alisema kitu.

"Sikusikii, matarumbeta haya! Sema tena."

Uwanjani vijana wanane walikuwa wamekwisha kujipanga. Verlin aliinama mpaka sikioni mwa Imelda.

"Mtoe mwanangu," alinong'ona. "Ule mtihani wa Agosti, mimi ndiye niliyemfundisha kuufeli."