Kamba Nyeusi ya Nkambo

Nilipokuwa mtoto wa kufika kiunoni mwa bibi yangu, kule Kasungami, hakuna aliyethubutu kupiga mluzi jikoni kwake. Juu ya moto ilining'inia kamba yenye mahindi ya mbegu, meusi kwa moshi, na Nkambo, ndivyo tulivyomwita, alituambia kwamba wafu wetu wanakaa mle. Nikipeleka kuni, niliinamisha kichwa kama ninaingia kanisani. Kila msichana wa nyumba yetu alipoolewa, aliondoka na mahindi ya kamba ile akayapande kwa mumewe. Mimi yangu nilikwisha kuyachagua kwa macho.

Kisha baba akaleta mfuko wa mbegu za dukani, zimepakwa dawa nyekundu, pamoja na mbolea.

"Mama, hii inazalaka sana," alimwambia Nkambo.

Na kweli ilizaa. Mtaa mzima uliipanda, tukala bukari, ugali wetu, mpaka tukasahau njaa inafananaje. Baba akaona mahindi ya moshi ni uchafu tu, akayashusha ayapeleke kusagwa. Nkambo alisimama mlangoni.

"Musisage ile. Bankambo beko mule. Mukiikula, udongo itatusahabu."

Baba alicheka, akampita. Tulikula. Nkambo hakugusa hata tonge.

Msimu uliofuata baba hakuwa na uwezo wa kununua mfuko mwingine, wala hakuona haja. Alichagua mahindi bora ya mavuno yale, kama tulivyozoea siku zote, akapanda. Yaliota mengine marefu, mengine ya kufika gotini, na safu za punje zake zina mapengo kama kinywa cha mtoto. Nkambo akachukua beseni, nami nimeshika kitenge chake, tukapita nyumba kwa nyumba kuomba walau hindi moja la moshi.

"Tulishaka kula yote, mama," kila mlango ulituambia.

Alirudi na beseni tupu, akaketi chini akalia kilio cha matanga. Hata hivyo, miaka yote iliyofuata aliwasha moto kila siku chini ya kamba isiyo na kitu. Nilipoolewa, alinipa kamba hiyo peke yake.

Leo ninakaa Ruashi, na unga wetu unakuja na malori kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Malori yakichelewa, watoto wangu wanashinda na chai. Nimeshaelezwa kwamba mbegu zile za dukani hazirudii uzazi wake, ni za kununua kila msimu, na wafu hawahusiki. Sawa. Lakini udongo umetusahau, na mimi sijui jina lingine la kuliita jambo hili.

Jana binti yangu, anayeolewa baada ya Pasaka, aliniuliza kamba ile nyeusi ukutani ni ya nini. Nikamweleza yote.

"Sasa mama, miye nitaenda na nini?"

Niliitungua. Bado inanuka moshi. Nimeishika mpaka sasa, na sina hindi la kufunga juu yake.